Hati ya Mashtaka Lazima Iseme Nini

Aprili 2018 simba 11, majike 3 na watoto 8, walikutwa wamekufa karibu na Hamukungu, kijiji cha wavuvi na wafugaji kilicho ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, wilayani Kasese, Uganda. Ilishukiwa kuwa ni sumu. Mahali ambapo simba hula ng'ombe, ni rahisi kumnyooshea kidole mfugaji yeyote. Kumshtaki ni kazi nyingine.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfugaji amesimamishwa kizimbani, anasomewa kwamba "alihusika na mauaji ya wanyama hifadhini mwaka 2018". Atajibu nini hapo? Wanyama gani, siku gani, yeye alifanya nini hasa? Sheria ya Uganda inataka hati ilitaje kosa lenyewe, kisha itoe maelezo ya kutosha mshtakiwa ajue anatuhumiwa nini. Hati yenye uzito ingesema: tarehe fulani, eneo la Hamukungu, bila kibali, uliua simba kwa kuweka sumu kwenye mzoga. Sasa anaweza kusema: siku hiyo nilikuwa Bwera sokoni, na mashahidi ninao.

Tarehe ina kazi nyingine ambayo wengi hawaioni. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 ilileta adhabu kali zaidi, hadi kifungo cha maisha kwa baadhi ya makosa. Katiba inakataza mtu kupewa adhabu inayozidi ile iliyokuwapo alipotenda kosa. Kwa hiyo mwezi na mwaka vinaamua hata miaka ambayo mtu anaweza kukaa gerezani.

Halafu kuna lugha. Kasese husikika Kikonzo, Kinyankole na Kitooro, lakini mahakama huendeshwa kwa Kiingereza. Ibara ya 28 ya Katiba ya 1995 inataka mshtakiwa aelezwe kosa analotuhumiwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, na apewe mkalimani bila malipo. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan ya 1973, ilikwenda mbali zaidi: kila kiungo cha kosa kifafanuliwe, na jibu la mshtakiwa liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana. Hapa ndipo ninapowasihi wasomaji wawe makini. Mtu anayesema "ndiyo, nilikuwa nachunga pale" hajakiri kuua simba, na hakimu hapaswi kuandika kwamba amekiri.

Si kila dosari inaua kesi. Jina lililokosewa herufi halimdhuru mtu, na hati inaweza kurekebishwa kesi ikiendelea. Lakini ikibadilishwa, mshtakiwa asomewe upya na ajibu upya, na anaweza kuomba mashahidi waliokwisha kutoa ushahidi waitwe tena awahoji kuhusu shitaka hilo jipya.