Ujumbe Huwa Unyanyasaji Lini?

Mwendesha bodaboda wa Rodi Kopany, Homa Bay, amekopa kwa simu, akachelewa kulipa. Kufikia jioni, mama mkwe wake, mwalimu wa mtoto na mweka hazina wa chama wote wameandikiwa kwamba yeye ni mwizi. Hajaguswa na mtu, lakini kesho ataona aibu kufika steji. Unyanyasaji wa mtandaoni ndio huo. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao, 2018, hakidai hata ujumbe umfikie mlengwa: kumwandikia mtu anayemfahamu kunatosha. Aliyeumizwa anaweza kuiomba mahakama imzuie mtumaji. Na tangu 2022, kanuni za Benki Kuu zinawakataza wakopeshaji wa simu kuwatisha wadaiwa au kuwaaibisha mbele ya jamaa zao.

Hadi hapo sheria inamlinda mnyonge. Ila kifungu hichohicho kinahesabu pia kuwa kosa ujumbe wenye kuudhi kupita kiasi, na hapo ndipo pana hatari. Maneno hayo yana umri mkubwa. Yalikuwamo katika sheria ya posta ya Uingereza ya 1935, iliyolenga simu za matusi. Kenya ikayarithi katika kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano. Aprili 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Geoffrey Andare, Jaji Mumbi Ngugi alikibatilisha kifungu hicho kwa kuwa kilikuwa kipana na chenye utata: mwandishi angejuaje mapema lipi litahesabiwa kuudhi? Miaka miwili baadaye maneno yaleyale yakarudi katika kifungu cha 27. Adhabu, iliyokuwa faini ya shilingi 50,000 au kifungo cha miezi 3, ikapanda hadi shilingi milioni 20 au miaka 10.

Wenye vyeo huudhika upesi, na polisi huwasikiliza upesi zaidi. Juni 2025, mwalimu Albert Ojwang' alikamatwa nyumbani kwa wazazi wake, katika kaunti hiihii ya Homa Bay, kwa madai ya kuchapisha uongo kuhusu afisa mkuu wa polisi. Alifia mikononi mwa polisi Nairobi. Madai dhidi yake hayakuwa ya unyanyasaji, lakini yanaonyesha sheria za kudhibiti maandishi hutumiwa na nani.

Bunge libakize katika kifungu cha 27 vitisho, hofu ya kudhuriwa na kuandamwa kwa jumbe. Kuudhi kuondolewe.