Mama wa Sokoni Anapochoka Kulea

Mama anayeuza samaki wadogo wa sambaza Mudaka, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Kavumu, hufanya biashara na mtoto mgongoni. Jioni mtoto akilia, humfokea, au humtazama tu bila kuhisi lolote. Majirani husema ana roho mbaya. Mimi nasema ameelemewa na uchovu wa ulezi, hali inayojulikana kitaalamu.

Uchovu wa kubeba mzigo huisha kwa usingizi. Huu wa ulezi, mtu huamka nao. Mama hunyonyesha, huogesha, hulisha, lakini moyo wake uko mbali. Furaha ya kuwa na mtoto hupotea, na hajioni tena kuwa yule mama wa zamani. Aibu ndiyo humfunga mdomo, na kunyamaza huko huzidisha hali hiyo.

Mwaka 2021, Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak wa Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, walitoa pamoja na wenzao utafiti uliofanyika katika nchi 42. Uchovu huo ulionekana zaidi katika nchi za Magharibi, ambako kila nyumba hulea peke yake, kuliko ambako ukoo mzima hulea.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo, kwa sababu Mudaka nayo inaanza kulea peke yake. Vita vimetawanya nyanya na mashangazi. Waasi wa M23 walipoingia Kavumu na Bukavu Februari 2025, familia nyingi zilikimbia. Dada mkubwa aliyekuwa akimbeba mdogo wake yuko darasani tangu elimu ya msingi iwe bure mwaka 2019, na ni haki yake kabisa. Ila pengo lake halijazibwa. Sheria ya kazi ya Kongo humpa mwajiriwa wiki 14 za likizo ya uzazi, kisha mapumziko mawili ya nusu saa kila siku ya kunyonyesha. Lakini muuza sambaza hana mwajiri wa kumdai haki hizo.

Ushauri wa kupumzika haumsaidii asiye na wa kumwachia mtoto. Wamama wa likelemba, wanaopokezana pesa, wapokezane pia zamu za kulea: mmoja akae na wadogo, wengine wauze. Baba naye aogeshe mtoto, hapungukiwi heshima. Na mama anayewaza kujidhuru au kumdhuru mtoto aende kituo cha afya siku hiyo hiyo; Bukavu kuna hospitali ya SOSAME inayotibu magonjwa ya akili.

Wakubwa wa soko, tunawaomba kibanda kimoja chenye kivuli na maji kwa ajili ya watoto hawa.