Muuaji Tunamjua Tangu Mwanzo

Riwaya ya upelelezi tuliyoizoea hutupa maiti kwanza, na jina la muuaji likangoja kurasa za mwisho. Muhammed Said Abdulla alitulea hivyo tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960: mpelelezi wake, Bwana Msa, anavuta kiko chake na kuunganisha vijambo, nasi tunasubiri atutajie mkosaji. Natsuo Kirino wa Japani aliipindua kanuni hiyo katika Out, riwaya aliyoitoa mwaka 1997.

Yayoi, mama wa watoto wawili wadogo, anamnyonga mumewe mbele ya macho yetu. Mume huyo alikuwa amempiga, na akiba ya nyumba nzima ameimaliza kwenye kamari. Basi hakuna wa kutafutwa. Linalobaki ni kujua maiti itapelekwa wapi, nani ataibeba, na kwa malipo gani.

Yayoi anamkimbilia Masako, mwenzake wa zamu ya usiku katika kiwanda cha kufungasha vyakula viungani mwa Tokyo. Kabla ya hapo Kirino ameshatueleza kazi yenyewe bila haraka: wanawake wamesimama kwenye sakafu ya zege kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri, huyu anapakua wali, yule anausawazisha, mwingine anamimina mchuzi, na Yoshie, mjane mwenye mikono myepesi, ndiye anayeamua kasi ya mkanda. Msomaji mwenye pupa atataka kuziruka kurasa hizo. Asiziruke! Masako na Yoshie wanapoikatakata maiti bafuni kwa Masako, wanagawana kazi kwa utaratibu uleule wa kiwandani, mpaka kwenye kufunga mifuko ya taka. Ilinibidi nikiweke kitabu chini. Damu nimeisoma katika riwaya nyingi. Kilichonitisha hapa ni kwamba kazi ilikuwa imeshawafundisha yote waliyoyahitaji.

Tena wanaomsaidia Masako wameingia kwa mlango wa deni. Yoshie, anayemuuguza mama mkwe asiyetoka kitandani, alikuwa amemkopa Masako fedha za safari ya shule ya bintiye, hivyo hana uso wa kumkatalia. Kuniko, mwenzao wa kiwandani aliyezama katika mikopo kwa kupenda vitu vya gharama, anakuja kuomba fedha na kuyakuta yasiyokutwa. Hii ni Japani ya miaka ya 1990: uchumi umeporomoka, kampuni zinapunguza watu, na mwanamke wa makamo anabaki kutegemea vibarua. Masako mwenyewe alitumikia taasisi ya fedha kwa zaidi ya miaka 20, kisha akasukumwa nje kwa kudai haki sawa na wanaume. Kirino hahubiri. Anataja kiasi, riba na tarehe ya kulipa, nasi tunaelewa.

Wenzake wanamuuliza Masako kwa nini alikubali kumsaidia Yayoi, naye hana jibu la kuwapa. Huo ndio ushujaa mkubwa wa mwandishi huyu, kuacha pengo hilo wazi.

Nisichokubaliana nacho ni sehemu ya mwisho. Satake, mwenye kasino aliyekamatwa kwa mauaji ya mume wa Yayoi ambayo hakuyafanya, anawasaka wanawake hawa ili alipize kisasi, na riwaya inaanza kuchanganya ukatili wa kingono na mapenzi. Masako, aliyeipiga hesabu kila hatua yake tangu ukurasa wa kwanza, hakustahili kuvutwa na mtu anayetaka kumuua.