Kulala Mestre, Kutembea Venice

Treni ikitoka stesheni ya Mestre, upande wa bara, hutumia dakika kumi hivi kuvuka daraja hadi stesheni ya Venice Santa Lucia. Juu ya dakika hizo kumi umejengwa mtaji mkubwa wa hoteli. Kandokando ya reli, hasa barabara ya Ca' Marcello, yameinuka majengo mapya ya ghorofa ambayo mgeni hayachagui kwa mandhari ya dirishani. Anachotazama ni ratiba ya treni na bei ya chumba. Kampuni ya a&o ya Ujerumani ilifungua milango yake hapo mwaka 2017, kisha zikaja hoteli za Leonardo na Staycity ya Dublin.

Chanzo cha yote kiko ng'ambo ya daraja. Mwaka 1951 mji wa kale wa Venice ulikuwa na wakazi wapatao 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Mwaka uliofuata, kwa hesabu za Ocio, kikundi cha wananchi kinachofuatilia makazi, vitanda vya watalii viliwazidi wenyeji kwa idadi. Wenye nyumba walikwisha kuona kwamba wageni wa siku mbili tatu wanalipa kuliko mpangaji wa mwaka mzima. Halmashauri ya jiji ilipoweka masharti makali mwaka 2017 juu ya kugeuza majengo ya mji wa kale kuwa hoteli, wawekezaji hawakufunga mikoba yao. Walizidi kuvuka daraja.

Na hesabu zao zilikuwa sahihi. Hoteli iliyo ndani ya Venice hupokea kila kitu kwa boti: mashuka yaliyofuliwa, maji ya chupa, mboga, hata godoro jipya. Taka nazo huondoka kwa boti. Kutoka gatini, mizigo husukumwa kwa mikokoteni, ikipandishwa na kushushwa ngazi za madaraja. Mwenye hoteli akitaka kuweka lifti katika jengo la kale, atasubiri kibali cha mamlaka ya urithi, maana mji huo na laguna yake vimo katika orodha ya UNESCO tangu 1987. Kisha kuna maji yenyewe. Usiku wa tarehe 12 Novemba 2019 yalipanda hadi sentimita 187, na biashara nyingi za ghorofa ya chini zikaharibika.

Mestre, lori linarudi kinyumenyume hadi mlango wa jikoni. Vyumba vimejengwa kwa kipimo kimoja, hivyo kusafisha ni haraka, na mabasi ya watalii yana pa kuegesha. Tangu Septemba 2015 tramu nayo inavuka hadi Piazzale Roma.

Kwa Mestre yenyewe hii ni riziki iliyokuja kwa wakati. Mji huu ulikua kwa jasho la Marghera, bandari ya viwanda iliyoanzishwa 1917, na viwanda vya kemikali vilipopunguza kazi, mitaa karibu na stesheni ilidhoofika. Leo kuna jamii kubwa ya Wabangladeshi, ambao wengi wao walivutwa kwanza na kazi za kuunda meli katika karakana za Fincantieri.

Lakini faida kubwa kuliko zote iko kwenye mpaka wa kiutawala. Mestre iliunganishwa na Venice mwaka 1926, na kura za maoni za kuitenganisha zimeshindwa mara tano, ya mwisho ikiwa 2019. Kwa hiyo ada ya kuingia Venice ilipoanza tarehe 25 Aprili 2024, euro 5 kwa siku 29 zilizoteuliwa, aliyelala Mestre hakudaiwa. Yeye hulipa kodi ya watalii kupitia hoteli, na katika daftari la jiji anahesabiwa kuwa mgeni wa kulala. Mtalii aliyelala hotelini Padova na kuja kwa siku moja alilipa. Mwaka 2025 siku za ada ziliongezwa hadi 54, na anayechelewa kulipia akatozwa euro 10.

Hapa ndipo sera hiyo inapopwaya. Mgeni wa Mestre hufika mji wa kale asubuhi, hujibana katika daraja la Rialto na uwanja wa San Marco, kisha hurudi ng'ambo jioni. Vichochoro havitofautishi nyayo zake na za mtalii aliyelala Padova. Hoteli za bara zimepunguza shinikizo juu ya nyumba za wenyeji, na hilo ni jambo jema. Msongamano haziupunguzi, na kila kitanda kipya karibu na stesheni kinauongeza. Halmashauri inayodai kulinda Venice haina budi kuvihesabu vitanda vya Mestre pamoja na vya mji wa kale kabla ya kusaini kibali kingine cha ujenzi.

Msomaji anayepanga safari akumbuke mambo mawili: ahakikishe hoteli yake imo ndani ya mipaka ya manispaa ya Venice, na ajisajili mtandaoni mapema ili apate hati ya msamaha. Siku za ada, wakaguzi huiomba.