Shilingi Ikiadimika, Kazi Isisimame

Katika mtaa wa Bangladesh, kule Mikindani, Mombasa, umaskini haukuletwa na uvivu wala ukosefu wa maarifa. Mtaani humo kuna mafundi cherehani, wachuuzi wa samaki, wauza maji kwa mitungi, vinyozi, wasusi, waendesha bodaboda na akina mama wanaokaanga mahamri kabla jua halijachomoza. Fundi ana nafasi ya kushona gauni jingine leo. Mama wa mahamri ana unga wa sinia moja zaidi. Mwenye bodaboda amekaa stejini tangu asubuhi akingoja abiria. Kila mmoja ana kitu anachokihitaji mwenzake, lakini siku inakwisha bila wao kuuziana kwa sababu hakuna aliye na shilingi mfukoni. Shilingi zinazoingia mtaani kutoka vibarua vya bandarini na viwandani hazilali: zinakwenda kwa mwenye nyumba anayeishi kwingine, kwa unga wa kiwandani, kwa vocha za simu na karo ya watoto. Uhaba wa namna hii si uhaba wa mali. Ni uhaba wa chombo cha kupimia na kukumbuka nani kamtendea nani nini. Jamii inaweza kujitengenezea chombo hicho bila kuvunja sheria, nacho kitadumu pale tu ambapo nyuma yake pana bidhaa, kazi na watu wanaojuana.

Tumezoea kuiona pesa ya serikali kama kitu kilichokuwapo tangu dunia kuumbwa, ilhali hapa kwetu ina umri mfupi na sababu zake zinajulikana. Wajerumani walitoza kodi ya kibanda Tanganyika kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1890, na Waingereza wakafanya hivyo katika eneo ambalo leo ni Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 1921, baada ya rupia kuondolewa. Kodi ilikuwa na kazi nyingine zaidi ya kujaza hazina: mtu aliyelazimika kulipa kwa fedha alilazimika kwanza kuitafuta, na fedha ilipatikana katika mashamba ya walowezi, kwenye reli na bandarini, au kwa kulima zao la kusafirishwa ng'ambo. Yaani mfumo uliundwa uitoe nguvu kazi kijijini na kuipeleka kwenye biashara ya nje. Kabla ya hapo watu walikuwa na njia zao za kulimiana, kujengeana na kulipana, na njia hizo hazikufa. Zilisukumwa pembeni tu. Ndiyo maana hadi leo shilingi ni hodari wa kuunganisha kijiji na soko la mbali, lakini ni dhaifu katika kumuunganisha jirani na jirani wakati ambapo soko la mbali limelala.

Jaribio la kutengeneza chombo kama hicho Bangladesh lilianza mwezi wa Mei 2013 kwa jina la Bangla-Pesa, likiongozwa na Will Ruddick, mwanafizikia Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi za maendeleo Pwani, pamoja na wafanyabiashara wadogo wa mtaa wenyewe, wengi wao wanawake. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Mwenye biashara alijiunga kwa kudhaminiwa na wenzake, kisha akapokea vocha za karatasi zenye thamani sawa na shilingi, ambazo hata hivyo hazikubadilishwa kwa shilingi. Zilinunua kitu kimoja tu: bidhaa na huduma za wanachama. Mama wa mahamri alimlipa muuza maji kwa vocha, muuza maji akanyolewa kwa vocha hizo hizo, na kinyozi akazirudisha kwa mama asubuhi iliyofuata alipofuata kifungua kinywa cha watoto wake. Zinaporudi zilikoanzia, hakuna anayemdai mwenzake, lakini watu watatu wamefanya kazi ambayo isingefanyika. Faida haiishii hapo. Shilingi chache ambazo mama angezitoa kwa maji zimebaki kwenye leso yake, na ndizo zitakazonunua unga, mafuta ya taa au dawa, vitu ambavyo hakuna jirani anayevitengeneza. Vocha haikuja kuipindua shilingi. Ilikuja kuipunguzia kazi zisizoihitaji.

Serikali haikuliona jambo hivyo. Kabla mwezi huo wa Mei haujakwisha, polisi walikuwa wamemkamata Ruddick na wenzake watano. Kwanza ilisemekana kwamba vocha zile zilihusiana na kundi la Mombasa Republican Council lililokuwa likidai Pwani ijitenge. Baadaye wakashtakiwa kwa makosa ya kughushi fedha. Mashtaka yaliondolewa mwezi wa Agosti mwaka huo huo, na vocha zikarejea mtaani kabla ya mwaka kwisha. Hofu ya serikali haikuwa ya kipuuzi. Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 231, imeikabidhi Benki Kuu jukumu la kutoa sarafu ya nchi, na taifa lisilolinda sarafu yake hulipa kwa mfumuko wa bei unaowaumiza maskini kabla ya matajiri. Lakini vocha isiyobadilishwa kwa shilingi, isiyopokewa nje ya orodha ya wanachama na isiyolazimishwa kwa mtu yeyote haishindani na sarafu ya nchi. Ni ndugu wa kadi ya pointi ya dukani na wa daftari la mkopo ambalo kila mwenye kioski huliweka chini ya kaunta. Daftari lile huandika deni kati ya watu wawili. Vocha huliruhusu deni hilo lizunguke kwa wengi.

Kama mambo yangeishia Bangladesh, mtu angeweza kusema kwamba lilikuwa jaribio la mtaa mmoja. Hayakuishia hapo. Vocha za aina hiyo zilianzishwa katika mitaa kadhaa ya Nairobi, ikiwemo Kangemi na Kibera, na baadaye karatasi zikapisha mfumo wa simu ulioitwa Sarafu, uliofanya kazi hata kwenye simu za kawaida zisizo na intaneti. Mwezi wa Aprili 2020, serikali ilipozuia watu kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale kwa sababu ya korona, vibarua vilikatika na shilingi ikakauka ghafla. Huo ulikuwa mtihani halisi, nao uliacha kumbukumbu zinazoweza kuchunguzwa. Data za Sarafu kuanzia Januari 2020 hadi katikati ya 2021, zilizotolewa hadharani bila majina ya watumiaji, zinaonyesha akaunti zipatazo 40,000 na miamala zaidi ya 400,000. Watafiti waliozichambua walikuta kwamba mzunguko ulifanyika zaidi ndani ya maeneo: watu wa Kinango, kule Kwale, walinunua kwa watu wa Kinango, wa Mukuru, jijini Nairobi, kwa wa Mukuru. Wengine wataona humo udhaifu. Kwangu huo ndio ushahidi kwamba chombo kilifanya kazi iliyokusudiwa, kwa kuwa kilizunguka pale ambapo shilingi huwa haikai.

Ushahidi wa miaka mingi zaidi unapatikana Uswisi. Mwaka 1934, dunia ikiwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, wafanyabiashara wachache walianzisha mtandao wa WIR wa kukopeshana na kuuziana kwa sarafu yao ya vitabuni. Mtandao huo uligeuka benki, ungali hai, na umehudumia makumi ya maelfu ya biashara ndogo na za kati. Mwanauchumi James Stodder, aliyezipitia takwimu zake za miongo mingi, alionyesha kwamba matumizi ya WIR hupanda uchumi wa nchi unapozorota na kushuka unapostawi. Yaani watu hukimbilia chombo cha pili pale cha kwanza kinapopungua, na kukipumzisha mambo yakitengemaa. Mji mdogo wa Wörgl nchini Austria ulijaribu jambo la jirani na hilo mwaka 1932. Meya Michael Unterguggenberger aliwalipa wafanyakazi wa barabara kwa hati zilizopoteza asilimia moja ya thamani kila mwezi zisipotumiwa, hivyo hakuna aliyezificha. Barabara zilitengenezwa na kodi zilizolala zikalipwa, hadi benki kuu ya nchi ilipoupiga marufuku mpango huo mwaka 1933. Uswisi iliupa mpango wake leseni na Austria ikauzima wake. Mmoja umekaribia karne. Mwingine haukutimiza hata miaka miwili.

Mambo haya ya pesa yanahusu mazingira kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Mkulima wa eneo kame aliyekopa shilingi kwa riba hawezi kuilipa kwa mahindi ambayo mvua haikuyaleta. Atakata mti achome makaa, kwa sababu gunia la makaa lina mnunuzi wa shilingi kandokando ya barabara wakati wowote. Deni lenye tarehe halingoji msitu ukue. Katika vijiji vya Kinango, kaunti ya Kwale, Mijikenda wana desturi ya mweria: kikundi hukusanyika leo kwa fulani, kikalima au kuchimba makinga maji, wiki ijayo kikahamia kwa mwingine, mpaka zamu imzungukie kila mtu. Vocha za kijamii zimepandikizwa juu ya desturi hiyo, siku ya kazi ikawa kipimo cha kile mtu anachowadai wenzake. Kazi ya aina hii ndiyo inayoponya ardhi, yaani makinga maji, mboji, mashimo ya miche na mseto wa miti na chakula, na ndiyo ambayo benki hailipi kwa sababu mavuno yake huja baada ya misimu kadhaa. Kongowea, mjini Mombasa, nako, mwaka 2010, vocha zilizoitwa Eco-Pesa zilitumiwa kuwalipa wakazi waliokusanya taka na kupanda miti. Penye pesa inayodai faida ya haraka pekee, kazi za polepole hukosa wa kuzilipia, na ardhi ndiyo hubeba hasara.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito, na Argentina ni shahidi wao. Vilabu vya kubadilishana mali vilivyoanzia Bernal, karibu na Buenos Aires, mwaka 1995, vilifikia mamilioni ya washiriki mwaka 2002 uchumi wa nchi ulipoanguka, kisha vikaporomoka mwaka huo huo. Hati zilichapishwa nyingi kuliko bidhaa zilizokuwepo, nyingine zikaghushiwa, na watu wakajikuta wameshika makaratasi kwenye masoko matupu. Kisa hiki kinafaa kusomwa kwa makini na kila kikundi, kwa kuwa kinaonyesha mpaka ulipo. Vilabu vya mwanzo, vyenye watu waliojuana, viliendeshwa vizuri. Kilichoanguka ni mtandao wa taifa zima ambamo mtoa hati hakujulikana na hakuna aliyeweza kumuuliza. Waswahili tunasema dawa ya deni ni kulipa, na kila vocha ni deni: aliyeitoa ameahidi mahamri, safari au siku ya jembe. Kikundi kisichoweka ukomo wa ahadi kwa kila mwanachama, kisichoandika na kusoma hesabu zake mbele ya wote, kimeshaanza safari ya Argentina.

Pingamizi la pili ni kwamba huku ni kuwafungia maskini wauziane umaskini wao, wakati wanachohitaji ni ajira, hospitali na barabara, ambavyo hujengwa kwa kodi na kodi hulipwa kwa shilingi. Ni kweli kwamba vocha haitanunua dizeli wala kumlipa daktari, na kiongozi atakayeitumia kama kisingizio cha kutopeleka maji mtaani anastahili kukemewa. Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba mwenye vocha ameiacha shilingi, ilhali ameihifadhi kwa mahitaji yanayoitaka. Kuhusu kodi, biashara inayouza sinia mbili badala ya moja iko karibu zaidi na kulipa leseni ya kaunti kuliko iliyofungwa. Hatari iliyo kubwa zaidi naiona kwa wafadhili. Mpango unaosimama kwa sababu ofisi ya mjini huweka fedha kila mwezi utaanguka siku ofisi ikihama. Zanzibar ina fundisho lililo kinyume chake. Vikundi vya kuweka na kukopa vya JOSACA, vilivyoanzishwa kandokando ya msitu wa Jozani kwa msaada wa shirika la CARE, viliachwa vijiendeshe, na watafiti waliorudi miaka michache baadaye walikuta wanachama wameongezeka. Sanduku, kufuli na mkutano wa kila wiki vilikuwa mali ya wanakikundi wenyewe.

Kwa hiyo mahali pa kuanzia ni chama, upatu, mweria na VICOBA, yaani benki za kijamii za vijijini, ambako nidhamu ya kuchangia na kuwajibishana imeshafundishwa, na simu au karatasi ifuate baadaye kama kalamu ya kuandikia. Serikali nazo zimeanza kufungua mlango. Tanzania, kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliviweka vikundi vya kijamii katika daraja lao wenyewe, na Kenya ikapitisha Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii mwaka 2022. Hatua inayofuata ni kutamka wazi kwamba kikundi kilichosajiliwa kinaweza kutoa vocha kwa wanachama wake, kwa masharti manne: isibadilishwe kwa shilingi, iwe na ukomo kwa kila mwanachama, hesabu zake ziwe wazi, na asilazimishwe mtu kuipokea. Kaunti na halmashauri zikianza kuipokea hata kwa ushuru mdogo wa soko, au zikawalipa kwayo vijana wanaosafisha mitaro, zitakuwa zimeipa uzito bila kuchapisha noti. Gharama ya kufanya hivyo ni ndogo. Gharama ya kutofanya inalipwa kila mwezi na mafundi wasio na wateja, miche isiyopandwa na miti inayokatwa kulipia deni, katika mitaa na vijiji vyenye kila kitu cha kuuziana isipokuwa idhini ya kuaminiana kwa maandishi.