Je, Wajua? Herufi moja hutenganisha halmashauri mbili za Kasulu

Kasulu ina halmashauri mbili: ya wilaya na ya mji. Katika anwani za barua pepe, vikoa vyao vinapishana kwa herufi moja tu. Kasuludc.go.tz ni wilaya, kasulutc.go.tz ni mji. Ukiandika t badala ya d, barua yako itabisha hodi ofisi nyingine kabisa.

• Programu haiichukui anwani kama neno moja. Huikata kwenye @ na kuhifadhi vipande viwili: kushoto jina la sanduku, kulia kikoa. Lugha ya Python ina kiolezo tayari cha kazi hiyo, kiitwacho Address. Hicho huongeza kipande cha tatu: jina la mtu analoliona mpokeaji.

• Kikoa hufuatwa kinyumenyume. Kwa kibondodc.go.tz, kikoa cha Halmashauri ya Wilaya ya Kibondo, msako huanza na tz, yaani Tanzania. Hufuata go, serikali. Kibondo huja mwisho.

• KIBONDODC na kibondodc ni kikoa kilekile. Lakini upande wa kushoto wa @, kanuni zinairuhusu seva kutofautisha herufi kubwa na ndogo, ingawa nyingi hazifanyi hivyo.

• Jina la sanduku lisizidi herufi 64. Likifungwa kwa alama za kunukuu, linaweza kubeba nafasi tupu, hata @ nyingine. Ndiyo maana programu makini hukata kwenye @ ya mwisho, si ya kwanza.