Nani Amelishika Faili Hilo?

Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza kwa wateja wake duniani faili dogo lenye kasoro. Ilipofika saa 2:27 kampuni ilikuwa imeshalizuia, lakini kompyuta zilizolipokea zilikwama katika mzunguko wa kuzima na kuwaka bila kufika mahali pa kufanyia kazi. Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliathirika. Ndege zilibaki viwanjani, hospitali ziliahirisha matibabu, na benki zilishindwa kuhudumia wateja. Dawa ya yote hayo ilikuwa kufuta faili ambalo jina lake lilianza na C-00000291, ndani kabisa ya folda za mfumo. Tatizo ni kwamba faili hilo lilisomwa na programu inayoamka mapema mno, kabla mtumiaji hajapata nafasi ya kugusa chochote. Kwa sehemu kubwa mafundi walilazimika kuiendea kila kompyuta ilipo, kuiwasha kwa hali salama, yaani hali ambayo Windows huamka na vitu vichache vya lazima tu, kisha kulifuta faili kwa mkono.

Usumbufu unaompata karani, mwanafunzi au mwenye duka la steshenari anapobonyeza kufuta na kompyuta ikakataa ni mdogo sana ukilinganishwa na huo, lakini kiini chake ni kilekile. Faili lisilofutika lina kinachoizuia kompyuta kulifuta: programu iliyolifungua, mmiliki mwingine, jina lisilokubalika, kirusi, au chombo kinachokaribia kufa. Kila sababu ina dawa yake, na dawa ya moja haifai kwa nyingine. Ndiyo maana naamini kwamba swali la kwanza linapaswa kuwa ni nani amelishika faili, na kwamba desturi iliyoenea ya kukimbilia programu za kufuta kwa nguvu huleta hasara kuliko faida. Mafundi waliozitibu kompyuta za Julai 2024 hawakutumia nguvu. Walitafuta wakati ambao hakuna aliyekuwa amelishika.

Tuanze na sababu iliyo ya kawaida kuliko zote. Programu yoyote ya Windows inapofungua faili hutangaza kwa mfumo endeshi masharti yake: kama wengine wanaruhusiwa kulisoma, kuliandika au kulifuta wakati yenyewe inalitumia. Ikiwa haikutoa ruhusa ya kufuta, mfumo utalikatalia ombi hilo hata likitoka kwa mwenye kompyuta. Masharti haya yana maana. Mtu anayeandika barua katika Word ana sehemu ya kazi yake kwenye diski na sehemu nyingine kwenye kumbukumbu ya muda; faili likiondolewa katikati, programu inaweza kuandika mahali pasipo na kitu na kazi ikapotea. Mara nyingi ujumbe wa Windows huitaja programu yenyewe, na hapo kinachotakiwa ni kuifunga tu. Ugumu unakuja pale ujumbe unaposema kwamba faili limefunguliwa na programu nyingine bila kuitaja. Mara nyingi huwa ni antivairasi inayolikagua, huduma kama OneDrive inayolipeleka kwenye hifadhi ya mtandaoni, au hata dirisha lenyewe la mafaili linalotengeneza picha ndogo ya video unayotaka kuifuta. Dakika chache za kusubiri humaliza mengi ya hayo.

Lisipoachia, Windows yenyewe ina namna ya kumtaja aliyelishika, na ni jambo la kusikitisha kwamba watu wachache wanaijua. Fungua Resource Monitor, nenda sehemu ya CPU, kisha andika jina la faili kwenye kisanduku cha kutafutia. Programu zinazolishikilia zitaorodheshwa. Microsoft pia hutoa bure kifurushi cha PowerToys, ambacho ndani yake mna kifaa cha File Locksmith: unabonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nacho kinakuonyesha aliyelishika. Ukishamjua, mfunge kwa njia yake ya kawaida ili ahifadhi kazi yake. Kama bado anakaidi, iwashe upya kompyuta. Programu inapokufa mfumo huachilia kila faili ililokuwa imelishika, na hiyo ndiyo siri ya ushauri wa kila fundi wa kuzima na kuwasha. Hapa kuna jambo dogo la kuangalia. Tangu Windows 8, kompyuta nyingi zikizimwa kwa kitufe cha kuzima hazianzi upya kabisa: sehemu ya ndani ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili kesho iamke haraka. Kwa hiyo chagua kuwasha upya badala ya kuzima, la sivyo unaweza kuikuta hali ya jana imekusubiri.

Wapo watakaosema kuwa huku ni kumdekeza mtengenezaji. Kompyuta ni yangu, nimeinunua kwa fedha yangu. Kwa nini iniulize? Mwenye hoja hii huongeza kwamba Linux na jamaa zake wote wa ukoo wa Unix hufuta faili hata likiwa linatumika, hivyo kukataa kwa Windows si lazima. Hoja hiyo ina uzito, na nusu yake ni kweli. Katika Unix, mfumo ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani, kufuta ni kuondoa jina la faili kwenye folda. Maandishi yenyewe hubaki kwenye diski mpaka programu ya mwisho iliyolifungua itakapoliachilia. Huo ni ubunifu mzuri. Ndio unaowezesha kompyuta ya Linux kusasisha programu huku ikitumika. Lakini mshikaji hajaondoka, amefichwa tu. Msimamizi wa seva anaweza kufuta faili kubwa la kumbukumbu za mfumo, asilione tena popote, na bado diski ikaendelea kusema imejaa, kwa sababu kuna programu inayoendelea kuliandikia lile faili lisilo na jina. Naye itabidi aulize swali lilelile: nani amelishika?

Kuhusu madai ya kwamba mashine isiyouliza ni bora, ushahidi wa studio ya Pixar unatosha kutufanya tusite. Mwaka 1998, wakati filamu ya Toy Story 2 ikiendelea kutengenezwa, amri moja ya kufuta ilitolewa kimakosa kwenye kompyuta zilizohifadhi filamu hiyo. Mfumo ulitii bila kuuliza. Wafanyakazi waliona wahusika wa filamu wakitoweka mmoja baada ya mwingine, na nakala za akiba zilipotafutwa ikagundulika kuwa mpango wa kuzihifadhi ulikuwa haufanyi kazi ipasavyo. Kilichoiokoa kazi hiyo ni kwamba Galyn Susman, mkurugenzi wa ufundi wa filamu, alikuwa na nakala kwenye kompyuta ya nyumbani, kwa kuwa alikuwa amejifungua na alifanyia kazi huko. Mwenye mali ana haki ya kufuta mali yake, hilo silipingi. Ninachosema ni kwamba ulinzi unaomchelewesha kwa dakika mbili una thamani kuliko utii unaommalizia kazi ya miezi.

Haki hiyo ya mwenye mali ndiyo inayojadiliwa pia pale kompyuta inapodai kwamba unahitaji ruhusa kutoka kwa TrustedInstaller, jina ambalo mtumiaji wa kawaida hajawahi kulisikia. Si mtu wala si kirusi. Ni huduma ya Windows yenyewe, iliyokabidhiwa umiliki wa mafaili ya mfumo tangu Windows Vista ya mwaka 2007, kiasi kwamba hata msimamizi wa kompyuta hawezi kuyafuta bila kwanza kuchukua umiliki. Chimbuko lake ni matatizo ya miaka ya 1990, ambapo programu mpya ikiwekwa ilikuwa huandika faili lake juu ya faili la mfumo lenye jina hilohilo, na programu nyingine kumi zikaacha kufanya kazi. Windows 2000 ilijaribu kuyarudisha kimyakimya mafaili yaliyoguswa. Vista ikaamua kuyafungia kabisa. Kwa hiyo ukikutana na jina hilo ndani ya folda ya Windows, liache faili lilivyo. Na kama kinachokusumbua ni ile folda ya Windows.old inayobaki baada ya kuhamia toleo jipya na kula gigabaiti nyingi, usihangaike nayo kwa mkono. Mipangilio ya hifadhi ina mahali pa kuondoa mafaili ya muda na toleo la zamani la Windows, na kufanya hivyo ni salama.

Kupo kukataliwa ambako hakumlindi mtu yeyote leo, na haki inataka tukukiri. Jaribu kuipa folda jina la AUX, CON au NUL na Windows itagoma; ikitokea faili la jina hilo limeingia kutoka kompyuta ya Linux, linaweza kukushinda kulifuta. Hayo ni majina ya vifaa yaliyotengwa na MS-DOS mwaka 1981, kwa kufuata mfumo wa CP/M uliotangulia, enzi ambazo kuandika kwenye faili la PRN kulimaanisha kuchapa kwenye printa. DOS ya kwanza haikuwa na folda, kwa hiyo majina hayo yalitengwa kila mahali, na yametengwa mpaka sasa ili programu za zamani zisivunjike. Njia ya kuyafuta ni kufungua dirisha la amri na kutanguliza alama zinazoiambia Windows isitafsiri jina, kwa mfano: del "\\?\D:\Picha\aux". Kikomo cha herufi 260 kwa anwani nzima ya faili kina undugu na hilo. Folda ndani ya folda ndani ya folda, kila moja na jina refu, zinaweza kukivuka zinaponakiliwa, kisha hazifutiki. Dawa ni kufupisha majina ya folda za juu, moja moja, mpaka anwani itoshee.

Pingamizi kubwa kuliko zote ni la virusi. Ikiwa anayelishika faili ni mwizi, kuna heshima gani ya kumpa? Hakuna. Lakini hata hapa nguvu ya papo hapo haisaidii. Conficker, kirusi kilichoanza kuonekana Novemba 2008 na ambacho matoleo yake yaliyofuata yaliruka kupitia flashi, kilibadili ruhusa za faili lake ili lisifutike kwa urahisi. Virusi vingine huendesha programu mbili zinazolindana: ukiua moja, nyingine inaifufua. Wanaozungusha flashi kati ya ofisi, chuo na duka la kuchapishia wanavifahamu vile vinavyoficha folda zao na kuweka njia za mkato mahali pake. Ukizifuta njia za mkato kwenye kompyuta iliyoambukizwa, zinarudi baada ya sekunde chache, kwa kuwa mkono unaozitengeneza bado uko hai kwenye kumbukumbu ya mashine. Kanuni ya hali salama inarudi palepale: lifikie faili wakati mlinzi wake hajaamka. Antivairasi ya Windows ina chaguo la ukaguzi wa nje ya mtandao, unaoiwasha upya kompyuta na kuikagua kabla Windows yenyewe haijapanda. Mashine ikishasafika, ndipo flashi isafishwe, na folda zilizofichwa zirudishwe kwa amri ya attrib -h -s /s /d E:\*.* ikiwa flashi yenyewe inasomeka kama E. Anayepakua badala yake programu ya bure ya kufungua mafaili kutoka mahali pasipojulikana anaipa ruhusa ya msimamizi programu asiyoijua, ili imwondolee programu nyingine asiyoijua.

Mwisho kuna kukataa ambako hakuna programu wala ruhusa itakayokubadilisha. Kadi za SD zina kitelezi kidogo ubavuni. Kikisogezwa upande wa kufunga, hakuna kinachoandikwa wala kufutwa, na wengi hukisogeza bila kujua wanapoingiza kadi. Flashi nyingi hazina kitelezi hicho. Flashi ikigoma kufuta kitu chochote kwenye kila kompyuta, ikadai imelindwa isiandikwe, na hata kuiformati ikashindikana, uwezekano mkubwa ni kwamba saketi inayoiendesha imegundua kuwa seli za kumbukumbu zimechakaa na imejifungia kwenye hali ya kusomwa tu. Watu hutumia jioni nzima kuilazimisha. Jioni hiyo ingetumika vizuri zaidi kunakili kila kilichomo, faili kwa faili, wakati bado inasomeka, kwa sababu hali hiyo haidumu.